Sauti Kati ya Chumba cha Baba na Jiko

Siku baba alipoanguka, shemeji, mke wa kaka yangu, alikuwa jikoni, karibu kabisa na mlango wa chumba cha baba. Alisikia kishindo. Alisikia pia baba akiguna pale sakafuni, maana tangu kiharusi kimpate, kuguna ndiko kulikokuwa kumebaki mdomoni mwake. Shemeji akatoka uani, akapiga yowe kumwita jirani. Jirani alikuwa bondeni kwenye migomba yake. Mpaka apande kilima, baba alikuwa amelala chini muda mrefu, na ule ulikuwa mwezi wa saba, wakati ambao saruji ya Tukuyu, kwa baridi, huwezi kuikanyaga bila ndala.

Nilirudi jioni kutoka steshenari ya mjini nilikokuwa nikichapa barua za watu na kutoa fotokopi, shahada yangu ya kompyuta ikiwa imelala kabatini. Nilipoelezwa, nikamgeukia shemeji mbele ya mama.

"Kwa hiyo ulisimama tu?"

Aliyejibu ni mama. "Ulitaka aingie amshike mkwewe miguu? Gwe, huko chuoni walikufundisha nini?"

Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Hakai alipokaa, hali naye, hatamki jina lake. Wakielekea kukutana njiani, mmoja anakata kona na kuingia migombani. Akiwa na neno la kumwambia, anamtuma mtu. Wengi wa rika langu wameliacha jambo hili, hasa wanaokaa mjini. Shemeji hakuliacha. Ni mtu wa Nkunga, amemaliza kidato cha nne, ana simu nzuri kuliko yangu, na bado kwa miaka yote aliyokaa kwetu hajawahi kuuona uso wa baba yangu. Mume wake, yaani kaka yangu, anafanya kazi Dar es Salaam na huja likizo. Mama anashinda kwenye shamba la chai. Mchana ndani ya nyumba wanabaki wawili, mmoja hawezi kusema na mwingine hawezi kumtazama.

Kaka alipiga simu usiku uleule. Mama akaiweka kwenye spika ili baba asikie.

"Nakuja mwezi ujao," kaka alisema. "Nikikuta mambo ni haya haya, naondoka naye. Huku kuna hospitali, kuna mimi."

Baba alitikisa kichwa. Akatikisa tena, kwa nguvu, mpaka mate yakamtoka na mama akamfuta. Kaka hakuona. Nani angemwambia? Nilitaka kusema, "Kaka, baba hataki," lakini nikajiuliza kama mimi mwenyewe nilikuwa na jibu la swali lililobaki. Baba akianguka tena, nani atamwinua?

Nilianza na mambo rahisi. Kengele. Mama akanunua kengele ya ng'ombe mnadani na tukaifunga kando ya kitanda. Siku ya kwanza baba aliipiga, shemeji akasikia, akasimama nje ya pazia na kuuliza anataka nini. Baba akaguna. Shemeji akauliza tena. Baba akaguna. Wote wawili wakaishia kuchoka. Kengele inasema njoo tu, na shemeji ndiye mtu pekee asiyeweza kuja. Nikajaribu simu yangu, yenye programu ya kusoma maneno kwa sauti. Mkono wa baba uliobaki mzima ulikuwa unatetemeka, kidole kikateleza kwenye kioo na kumpigia mteja wangu wa Kawetele. Tena ile sauti ya simu ilikuwa na Kiswahili cha mgeni aliyesomea hotelini, na Kinyakyusa haikukijua kabisa.

Ndipo nikakumbuka kitu kilichokuwa dukani kwa fundi redio, karibu na msikiti. Mzee yule, ambaye watu wake walitoka pwani zamani, alikuwa na kompyuta ndogo ya miaka ya themanini, ile ambayo mashine yote imo ndani ya kibodi na kioo chake ni televisheni yoyote. Mwalimu mmoja mgeni aliiacha kwa matengenezo na hakurudi. Ilikuwa na kijiti chake cha kuchezea gemu, na ubavuni imechomekwa boksi jeusi, na fundi aliniambia boksi lile hutoa sauti ya mtu.

"Inasema nini?" nilimuuliza.

"Inasema utakachoiambia iseme. Mimi sijawahi kuwa na la kuiambia. Chukua, kijana, inanijazia meza tu."

Kijiti kile ndicho kilichonivutia. Mtu anakishika kwa kiganja chote, hakitelezi. Na boksi lile halikujua lugha yoyote. Lilijua milio tu. Kila mlio una namba yake. Unapanga namba, linatoa milio kwa mfuatano huo. Walioliunda walikuwa wanawaza Kiingereza, lakini namba haziulizi kabila. Nilikaa nalo Jumamosi nzima na kijitabu chake kilichochakaa, nikitafuta namba za neno moja, amisi, maji kwa lugha yetu. Mara ya kwanza lilitoka kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Nikafupisha irabu, nikaongeza kimya kidogo katikati. Mara nyingine lilitoka kama mbuzi. Mama alipita na beseni la nguo, akasimama.

"Nani anaumwa humo?"

"Ni mashine, mama. Inasema maji."

"Basi ipe maji, inakufa."

Picha zilikuwa kazi nyingine. Kioo cha mashine ile kimegawanywa vyumba vidogo, na kila chumba kina mistari minane ya vinukta vinane. Unaamua kinukta kipi kiwake na kipi kizimike, kisha kila mstari unaugeuza kuwa namba. Nilichora kwenye karatasi ya mraba ya hesabu. Kikombe kilikuwa rahisi. Bakuli la uji nalo, likiwa na mvuke wa vinukta vitatu juu. Choo nilichora mlango. Baridi nilichora blanketi, ambalo lilifanana na gunia, nikaliacha hivyohivyo. Baba angesukuma kijiti kwa mkono wa kushoto, mshale uende kwenye picha, abonyeze kitufe, na sauti itoke kwenye spika niliyoivutia waya mpaka jikoni. Hapo shemeji angejua kama ni jambo la kuweka uji kwenye stuli nyuma ya pazia, au la kumpigia jirani simu aje kumpeleka baba chooni.

Ilibaki picha ya maumivu. Maumivu unayachoraje? Nikaunganisha vyumba vinne nipate nafasi, nikachora uso wa mzee mwenye kofia, mdomo umepinda upande. Nilifurahi mno. Ulikuwa ni yeye kabisa, hata kofia yake ya sufi yenye kishungi nilikuwa nimeipata.

Jumapili baada ya ibada nilitandika mambo yote sebuleni, nikawaita mama na shemeji waje waone kabla sijayaingiza chumbani. Shemeji alikuja akifuta mikono, akitabasamu. Nikawasha. Kanda niliyohifadhia programu ilipiga kelele zake kwenye redio kaseti, picha zikajitokeza moja moja. Kikombe, bakuli, mlango, blanketi. Ulipotokea ule uso, shemeji alijifunika kanga mpaka kichwani, akageuka, akatoka nje. Alitoka kwa haraka hata akagonga kizingiti.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Umemwitia mkwewe sebuleni! Na umemwambia njoo umwangalie!"

"Mama, hivi ni vinukta!"

"Vinukta vyenye kofia ya nani?"

Nilikasirika, na si kidogo. Nilitoka nikamkuta kwenye jiwe la kufulia, amenipa mgongo. Nilimwambia yale yote niliyokuwa nimeyabeba tangu siku ya kuanguka. Kwamba anaogopa mwanga wa televisheni. Kwamba mila iliyomwacha mtu mgonjwa chini kwenye saruji haina haja ya kutunzwa. Kwamba hakuna anayemlazimisha: mama mwenyewe hawezi kumfukuza, kaka hajali, baba hana hata mdomo wa kulalamika.

Aliniacha nimalize.

"Shemeji," alisema, "unadhani nimelazimishwa?"

"Sasa?"

"Baba alivyokuwa mzima, nilikuwa nasikia sauti yake tu. Akikohoa pale nje, hata mbwa wanakaa. Mimi najua mzee wa namna hiyo. Sasa hivi mdomo umepinda, mate yanatoka, suruali anavalishwa na mkewe. Nyie wote mmeshamwona. Bado mimi tu. Nikiingia, nami nitakuwa nimemwona, na yeye atajua nimemwona."

Nilitafuta pa kulishika jambo hilo nilipinge, maana ndiyo kawaida yangu, na pengine lilikuwapo. Mtu akianguka, heshima haimpi joto. Nilikuwa na hakika hiyo na bado ninayo. Lakini nilipomtazama mgongo wake pale, sikuwa na hakika tena kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimfikiria baba kuliko yeye.

"Siku ile," aliongeza, "nilikuwa nimeshashika pazia. Angeguna mara nyingine moja, ningeingia. Usifikiri silioni."

Kisha akauliza kuhusu mashine, kwa sauti ya kazi. "Ile sauti, ni yeye anasema?"

"Ndiyo. Anabonyeza, inasema maji."

"Isiwe yeye. Baba mkwe haniambii lete maji. Anamtuma mtu. Iwe kama mtu katumwa. Iseme, taata anaomba maji. Hapo nitaitika vizuri."

Nikarudi ndani. Nikaufuta uso, nikachora fimbo iliyovunjika mahali pake. Nikapanga upya namba zote. Maneno yalirefuka, kumbukumbu ya mashine ikajaa, ikabidi niache picha mbili nyingine nilizokuwa nimekusudia kuongeza. Usiku ule nilimwekea baba televisheni miguuni pa kitanda. Kompyuta na redio kaseti vilibaki sebuleni, na waya zilipita juu ya ukuta, pale ambapo tofali haligusi bati. Alizitazama picha kwa muda. Akakamata kijiti, mshale ukaruka mpaka pembeni, ukarudi. Jikoni sauti ikasema, "Taata anaomba maji." Tukasikia mwiko ukigongwa kwenye sufuria mara mbili. Hiyo ilikuwa njia ya shemeji ya kuitika, hakuna aliyemwambia. Baba akafumba macho. Machozi yake huwa yanatoka yenyewe tangu augue, kwa hiyo sitasema alilia.

Haikwenda vizuri kila siku. Mvua ikipiga bati huwezi kusikia hata radi, basi nikaifanya mashine irudie mpaka baba abonyeze tena. Umeme ukikatika, kila kitu kinapotea na kanda inabidi ipigwe upya tangu mwanzo, na mara ya pili ilipotokea nikaomba ruhusa kazini, nikapanda bodaboda kuja kupiga kanda kama mtu mwenye msiba. Njiani nilikuwa nikijiuliza: huyu ndiye mimi? Nimesoma ili niwe mlinzi wa redio kaseti? Rafiki zangu walikuwa wananiita Dar. Nilikuwa nimeshaandika maombi ya kazi matatu.

Kaka alikuja mwezi uliofuata, kama alivyosema. Alifika asubuhi na begi moja, na tiketi mbili za kurudi. Alitazama zile waya juu ya ukuta, akanitazama mimi.

"Hii ndiyo dawa?"

"Muulize mwenyewe."

Tuliingia chumbani. Alikaa kitandani, akaushika mkono wa baba. Alisema kwa upole, hilo ninakiri. Alieleza hospitali, mazoezi ya viungo, mtu wa kumhudumia mchana. "Baba, twende?"

Safari hii baba hakutikisa kichwa; alitazama televisheni. Hapo ndipo nilipoona nilichokosea. Kikombe, bakuli, mlango, blanketi, fimbo. Sikuwa nimemchorea ndiyo wala hapana. Nilikuwa nimemwandalia kila kitu cha kuomba na si neno hata moja la kukataa. Alisogeza mshale kwenye fimbo, akautoa. Akaupeleka kwenye mlango, akautoa. Kaka alikuwa anasubiri. Nilitaka kumwombea muda nikachore, hata kwenye karatasi tu, lakini baba alikuwa ameshafika kwenye bakuli. Akabonyeza.

"Taata anaomba uji."

Alikuwa ametoka kunywa uji. Bakuli lilikuwa hapo chini, bado lina unyevu.

"Ana njaa?" kaka aliuliza.

Mwiko uligongwa jikoni. Baada ya muda tukasikia ndala za shemeji zikija, zikasimama nyuma ya pazia. Stuli ikaburuzwa. Bakuli likatua. "Uji huo, umetumwa," alisema kwa sauti ya chini, akiusemea ukuta, kisha ndala zikaenda zake.

Baba aliunyoosha mkono mzima kuelekea pazia, akamtazama kaka machoni, akabaki hivyohivyo mpaka kaka alipoinuka kwenda kuuchukua ule uji. Alimlisha kijiko kwa kijiko, na baba aliumaliza wote, ingawa alikuwa ameshashiba.

Jioni kaka alikwenda stendi kubadilisha tiketi, mbili ziwe moja. Shemeji alinikuta sebuleni nikipanga kanda.

"Nifundishe kuipiga," alisema.

"Sasa hivi?"

"Kabla hujaondoka."

Sikuwa nimemwambia mtu kuhusu maombi yale ya kazi. Nikamsogezea kiti.