Kabla Maji Hayajashuka

Nakumbuka siku moja baba alirudi nyumbani peke yake katika mtumbwi tulioondoka nao pamoja. Mama alikuwa amesimama ukingoni akitungoja. Alipoona nafasi yangu iko tupu, alikaa chini kwenye matope akajifunika kanga usoni, kwa kuwa aliamini mto umenichukua. Wakati huo mimi nilikuwa juu ya lori, nimeshavuka kivuko cha Garsen, nakwenda kuomba nafasi ya kusomea uuguzi, na sikujua kwamba nyumbani ninaliliwa.

Mwanangu, ngoja nirudi nyuma nikueleze jinsi tulivyofika hapo.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa msichana niliyemaliza shule ya misheni, na kijiji chetu cha Wapokomo kilikuwa juu kidogo ya Garsen, ukingoni kabisa mwa mto Tana. Kwetu kila jambo lilipangwa na mto. Ukijaa, mashamba yanafunikwa. Ukipungua, unatuachia udongo mweusi, tunapanda mpunga na mahindi. Aliyekosa kupanda mara hii hakuhangaika sana, alijua maji yatarudi. Basi hata mambo yasiyohusu shamba tuliyasema vivyo hivyo. Harusi, maji yakishuka. Kuezeka nyumba, maji yakishuka.

Katika hospitali ya misheni, safari ya mtumbwi kuteremka mto, kulikuwa na mwuguzi mkuu wa Kizungu tuliyemwita Sista. Kila mwaka alipeleka wasichana wachache kwenye chuo cha wauguzi Mombasa. Aliniambia naweza kuwa mmoja wao, ila niende kwake mwenyewe, nimwambie kwa kinywa changu kwamba nataka. Nilimtumia salamu kwamba mto umejaa, nitakuja maji yakishuka. Yaliposhuka kulikuwa na kupanda, kisha kulinda mpunga na ndege, kisha kuvuna, na mto ukajaa tena. Nikamtumia salamu zile zile.

Nilikuwa naogopa. Niliogopa damu, na niliogopa Mombasa, ambako sikumjua mtu. Kuliko yote niliogopa kumwacha dada yangu Yunia. Alikuwa ameolewa kijiji cha Chara, amerudi kwa mama kujifungua mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo desturi yetu, na miguu yake ilikuwa imevimba hata akaacha kuvaa ndara. Leo ningejua maana ya miguu ile. Wakati ule tulisema ni uzito wa mimba. Lakini mama aliwahi kumpoteza mdogo wake katika uzazi, na alikuwa akimtazama Yunia kama mtu anayetazama maji yakipanda kuelekea mlangoni.

Mwezi ule mvua zilinyesha bara, kwetu jua likiwa bado kali. Mto ukapanda ghafla, ukang'oa ua wa miti tuliouchomeka majini ili kuwazuia mamba mahali pa kuchotea. Kabla wanaume hawajausimamisha upya, mamba alimchukua Makopa, mke wa jirani yetu, mchana, watu wakiona. Kilichorudi ni kata yake ya kuchotea maji, ikielea. Tangu siku hiyo tulichota kwa kibuyu kilichofungwa kwenye ufito mrefu, na hakuna mwanamke aliyesogea ukingoni bila mwenzake kusimama nyuma yake.

Ndipo alipokuja Mzee Barisa. Alikuwa Mworma, mfugaji, rafiki wa baba wa miaka mingi. Yeye alituletea maziwa, sisi tukampa mahindi. Kwa kuwa nyika ilikuwa bado kavu, ng'ombe wake walikuwa karibu na mto. Siku hiyo hakuja na maziwa. Wanaume walikuwa wamembeba mke wa mwanawe, Hadija, juu ya kitanda cha kamba. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake na mtoto hatoki. Mama mkwe wake alifuatana nao, lakini alipouona mtumbwi alirudi nyuma. Wale walikuwa watu wa ng'ombe; mtumbwi waliuogopa kama sisi tulivyoogopa simba.

Baba akachukua pondo lake la kusukumia mtumbwi. Alihitajika mwanamke wa kumshika mgonjwa njiani.

"Rahel haendi," mama akasema, akinishika mkono. "Maji haya yamekula mtu juzi tu."

Yunia alikuwa amekaa mkekani, mkono juu ya tumbo. "Mama, mwache," akasema. "Kama ningekuwa mimi niliyelala kwenye kitanda kile, ungetaka mama wa watu aseme hivyo?"

Mama akanifunga kanga yake kiunoni, akakaza fundo kwa nguvu mpaka ikaniuma.

Mkondo ulituchukua kwa kasi. Baba hakuwa na kazi ya kusukuma, kazi yake ilikuwa kuzuia mtumbwi usigeuke. Kila gogo lililoelea niliona lina macho. Mzee Barisa alishika kingo zote mbili, amefumba macho, anasoma dua. Nikaanza kutetemeka, na mtumbwi mzima ukatetemeka nami.

"Usitazame maji," baba akasema. "Mtazame yeye."

Nikamtazama. Alikuwa wa umri wangu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini alichokuwa nacho kilitosha. "Usiwache mimi," akasema.

"Sikuachi."

Alinishika mkono mpaka tunafika, na alama za kucha zake nilikuwa nazo siku kadhaa baadaye.

Hospitalini sikupata nafasi ya kuogopa damu. Sista alinipa beseni, kisha akaniambia nimshike Hadija kichwa, niongee naye. Niliongea naye mambo ya kipuuzi, habari za mbuzi na za mpunga. Magoti yangu yaligongana, lakini mikono ilitulia, nami niliitazama kama mikono ya mtu mwingine. Alasiri mtoto wa kiume alilia. Hadija alikuwa hai, amechoka, anaomba maji.

Sista alitoka nje akijifuta mikono. Sasa aliponitazama vizuri ndipo aliponitambua, akasema, "Ah, Rahel. Kumbe maji yameshuka."

Mzee Barisa alikuwa amekaa kwenye benchi la barazani. "Huyu mama nasema nini?" akaniuliza. Nikamweleza habari za chuo na za salamu zangu. Alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha akaacha kucheka.

"Wewe sema ngoja maji. Leo maji iko juu, mamba iko, na wewe iko hapa. Nani naleta wewe?"

"Hadija," nikasema.

"Hapana. Hadija nabebwa. Kwa mtoto ya watu wewe navuka. Kwa wewe mwenyewe naogopa?" Aliniangalia mpaka nikainamisha uso. "Mimi, majani ikiisha hapa, nahama. Mke yangu mgonjwa, nahama. Mtoto nalia, nahama. Siku nzuri ya kuhama mimi hapana ona bado."

Sikuwahi kukaripiwa kwa upole namna ile, na makali yake hayakupungua.

Sista akatuambia kwamba anaondoka na lori kesho asubuhi kwenda Mombasa, kabla mafuriko hayajakata barabara ya Garsen. Baada ya hapo alikuwa anakwenda kwao Ulaya, na hakujua nani atakuja mahali pake, wala kama huyo atapeleka wasichana. Maji yale yale yaliyonifanya mimi nikawie yalikuwa yanamharakisha yeye.

Nilimfuata baba kwenye mtumbwi. Alisikiliza huku akimwaga maji yaliyoingia ndani.

"Nikirudi peke yangu," akasema, "mama yako atadhani mamba amekuchukua."

"Piga kelele kabla hujafika. Mwambie mimi ni mzima."

"Na Yunia?"

Nikalikaza fundo la kanga ya mama. Akaendelea kumwaga maji, ingawa hayakuwepo tena.

"Unataka kwenda?"

"Naogopa, baba."

"La kuogopa nalijua, nimekuona leo. Nimeuliza kama unataka."

"Nataka."

Asubuhi nilipanda lori la Sista nikiwa na kanga ya mama tu. Baba alipokaribia kijijini alipiga kelele kama nilivyomwomba. Mama alisikia sauti, hakusikia maneno. Alidhani analia.

Chuo kilinipokea. Barabara ilikatika nyuma yetu, na kwa muda mrefu sikupata habari yoyote kutoka nyumbani. Nilikuwa nikifua mashuka ya wagonjwa huku nikijiuliza kama dada yangu yuko hai. Habari zilipokuja, zilikuja na mtu wa Garsen aliyeleta ng'ombe. Yunia alishikwa na kifafa cha mimba, kabla hata mtumbwi wa kumpeleka hospitali haujashushwa majini. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Mwanangu, nimekueleza hilo kwa sababu wengi watakushauri uombe nafasi yako ya masomo, na watakuficha gharama yake. Mimi sikufichi. Kila msimu utakuwa na kitu kinachokushika mkono: mama anaumwa, mpunga haujavunwa, mdogo wako hajamaliza shule. Vingine ni vya kweli na vina uzito. Basi jiulize jambo moja, ujijibu ukiwa peke yako. Hiki ninachokingoja kikipita, nitakwenda? Au nitatafuta kingine cha kungojea? Ukiona utatafuta kingine, jua huo si wajibu, ni hofu imevaa kanga ya wajibu. Peleka maombi yako mwaka huu, ukitetemeka hivyo hivyo. Hofu haiishi kwanza ndipo mtu aende. Mimi nilikwenda nayo, nikafanya nayo kazi wodini, na mtoto wa pili wa Yunia alipokuja, nilimpokea nayo kwa mikono hii.

Mungu akuvushe salama, akupe mikono itakayotulia hata magoti yakigongana, na akuwekee mtu ukingoni wa kukungoja. Na wale utakaowaacha nyuma, awatazame yeye mpaka urudi ukiwa na cha kuwasaidia.

Nilipofika nyumbani likizo ya kwanza, mama alinipokea vizuri, akanipikia wali na samaki. Tulipokuwa tunaosha vyombo aliniuliza, bila kunitazama, "Ungekuwepo, Rahel, mtoto wa Yunia angepona?" Niliendelea kusugua sufuria. Hakuuliza tena mpaka alipofariki, na mimi nimewazalisha wanawake wengi tangu siku ile, wenye miguu kama ya Yunia, wengine wakapona na wengine hapana, na jibu lake bado sina.