Asubuhi Waliponinyamazia Mlimani

Mama yangu hakuelewa kabisa. Alikuwa kwenye kibanda chake cha vitenge pale Newtown, anapanga vitambaa upya baada ya wateja kuvivuruga, nami namweleza kwamba idara yetu chuoni hupeleka wanafunzi wachache milimani kila likizo ya Desemba, wiki nzima, kusoma tu.

"Kusoma nini?"

"Vitabu, Mama."

"Na hivyo vitabu havisomeki hapa Johannesburg?"

Nikamwambia kule kuna utulivu. Akanitazama, akaguna, akarudi kwenye vitambaa vyake. Ila siku ya safari alinifungia maandazi ya kutosha ukoo mzima.

Wenzangu walitangulia Jumamosi kwa basi dogo. Mimi nilibaki kwa sababu mdogo wangu alikuwa anahitimu Kurani madrasa, na nisingethubutu kukosa. Kesho yake nikapewa lifti na mume wa mhadhiri wetu, aliyekuwa anapeleka vyakula. Tulifika milima ya Drakensberg jioni, mvua ya radi imetoka kunyesha. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe chini na ya mbao juu, imekaa peke yake ubavuni mwa mlima, bila jirani.

Walinipokea vizuri mno. Mhadhiri, mama mmoja mrefu mwenye mvi, alinikumbatia. Mezani nilikuta kijana wa Lubumbashi tunayesoma naye, ambaye kila tukikutana tunatupa Kiingereza kando na kuongea Kiswahili, yeye chake na mimi changu. Soseji sikula, nikaeleza kwa nini, wakanisogezea mahindi. Baadaye wakaanza kubishana juu ya riwaya tuliyopewa kusoma, nami nikasema yule mhusika mkuu nilimwona mpumbavu tu, hana huzuni yoyote ya maana. Msichana niliyepangiwa kulala naye chumba kimoja alikuwa ameandika insha ndefu juu ya mhusika huyo. Alicheka. Au mimi ndiye niliyedhani amecheka.

Asubuhi nikashuka barazani. Wote walikuwa wamekaa, kila mmoja na kitabu na kikombe chake. Nikawasalimu. Kimya. Nikadhani hawakusikia, nikasalimu tena, kwa sauti zaidi. Mmoja akatabasamu akainamisha kichwa. Yule wa Lubumbashi akainua macho, akayarudisha kitabuni. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu ukiacha kuitikia salamu ya mtu, umemwambia jambo zito kuliko tusi.

Nikaenda jikoni kwa mhadhiri. "Samahani, kuna kitu nimekosea?" Akaweka kidole mdomoni, akanipa kikombe cha chai.

Nilikaa na ile chai mpaka ikapoa. Nilipitia kila neno nililosema usiku. Ni soseji? Ni ule upumbavu wa mhusika? Au ni lile jambo ambalo mgeni katika nchi hii hulifikiria upesi kuliko mengine, kwamba uzuri wa jana ulikuwa wa jana tu, na sasa wamekumbuka kwamba mimi si wa hapa? Kitabu kilikuwa mapajani. Sikusoma hata ukurasa.

Mwishowe nikapanda juu, nikakusanya nguo, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Sikujua barabara kuu iko umbali gani wala kama kuna teksi. Nilichojua ni kwamba naondoka.

Nilikuwa nimeshuka kipande kizuri nilipogeuka nikamwona yule wa Lubumbashi anakuja mbio, anapunga mikono yote miwili, mdomo wazi, na hakuna sauti inayotoka. Nilidhani amepatwa na kichaa. Alipofika akageuka kutazama kama nyumba bado inaonekana, ndipo akanong'ona:

"Dada, unaenda wapi na mizigo?"

"Nyumbani."

"Juu ya nini?"

"Wewe ndiye wa kuniuliza? Nimekusalimu ukaangalia kitabu!"

Akashika kichwa. "Eish! Hawakukuambia? Asubuhi hapa hatusemaka. Mpaka midi. Saa sita mchana ndiyo midomo inafunguka. Walitueleza siku ile ya kwanza, na wewe haukukuwa."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye nyasi zilizolowa. Mimi nililia. Akanyamaza, akachukua begi langu, tukapanda tena bila kusema neno.

Saa sita ikagongwa kengele, na wote wakanijia kwa mpigo. Mhadhiri akaniomba radhi mara mbili. "Nilidhani kuna mtu ameshakuambia," alisema. Kila mmoja alidhani hivyo. Tukacheka, maandazi yakaliwa, nikatulia.

Ila yule msichana wa chumbani alibaki kwenye kiti chake. Nikamfuata, nikamwuliza kama alilala vizuri. "Ndiyo," akasema, akafungua ukurasa mwingine. Hakusema zaidi mchana ule, wala usiku, wala kesho yake.

Wiki ikaenda hivyo. Nilijifunza kusoma asubuhi nzima bila kusikia sauti ya mtu, na kuna siku nilipenda kweli, nikasahau hata njaa. Kuna siku nyingine nilimtazama yeye ng'ambo ya baraza na nikashindwa kutofautisha kimya cha sheria na kimya alichoninyamazia mimi.

Siku ya kurudi, basi liliposimama mbele ya chuo, yule msichana alinikumbatia kwa nguvu kuliko wote, akasema atanikumbuka. Chuo kilipofunguliwa tukapishana kwenye ngazi za maktaba. Nikamwita kwa jina lake. Akapita. Nywele zake zilikuwa zimefunika masikio, huenda alikuwa anasikiliza muziki.

Nilimwuliza yule wa Lubumbashi anaonaje. Naye akauliza:

"Ulimkosea?"

"Sijui," nikamwambia. Na mpaka leo sijui.