Majivu Mlangoni kwa Mwalimu

Nilipokuwa mtoto, mwanafunzi wa shule yetu aliruhusiwa kukosa masomo kwa sababu mbili tu: awe mgonjwa na alete cheti cha dresa wa zahanati, au awe amefiwa, na jumbe wa kijiji athibitishe. Nyingine zote ziliitwa utoro. Mwalimu alituhubiria sheria hiyo kila Jumatatu asubuhi, tumejipanga uwanjani tunatetemeka kwa upepo wa Ufipa, yeye kavaa kaptula nyeupe na soksi ndefu za rangi ya maziwa zilizofika magotini, fimbo kwapani. Mimi sheria ile sikuichukia hata kidogo. Sikuwa mtoro, na nilikuwa msichana pekee aliyebaki darasa la nne. Wenzangu walikwisha kuolewa au kushikishwa jembe. Mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani, na msichana atakayefaulu angepelekwa shule ya bweni. Sikutaka kitu kingine chochote duniani. Nasema mapema kwamba nikilikumbuka jambo hili bado nakasirika, na sioni sababu ya kujifanya nimepoa.

Mwaka huo mama alijifungua mapacha.

Kwetu mapacha ni baraka, lakini ni baraka yenye ukali wake. Nyumba waliyozaliwa hufungwa. Bibi yangu, mzaa mama, ambaye ndiye aliyekuwa mkunga wa kijiji, alimwaga majivu mlangoni, mstari mmoja kutoka mwimo hadi mwimo. Kuanzia hapo hakuna wa ndani kutoka wala wa nje kuingia, mpaka aje mama mmoja wa upande wa Laela aliyerithi dawa ya mapacha, atuoshe sote, watoto na wakubwa. Ukitoka kabla ya kuoshwa, watoto utakaowagusa watavimba uso hadi macho yafumbe. Ndivyo tulivyoamini. Na mwalimu wetu hakuwa mgeni wa kutoka pwani wa kusema hayajui haya. Alikuwa Mfipa kama sisi, alikulia Milanzi, na kwao pia majivu yalimwagwa.

Baba alikuwa mbali, kwenye migodi ya Mpanda, kwa hiyo msemaji wa nyumba alikuwa Bibi. Alimwita mtoto wa jirani, akamwambia akiwa ndani, yule mtoto akiwa nje kwenye njia: "Nenda kwa mwalimu. Mwambie mjukuu wangu yuko ndani ya majivu. Akishaoshwa atakuja." Alisema kwa Kifipa, maana Kiswahili alikiona lugha ya dukani mjini.

Mwalimu alijibu kwa kutuma wavulana wawili wakubwa waje kunichukua. Wakafika, wakayatazama majivu, wakatazamana, wakageuka zao. Kesho yake asubuhi akaja mwenyewe.

"Mwalimu, majivu unayaona," Bibi alimwambia.

"Majivu nayaona, bibi. Cheti sikioni."

"Kwani wewe umezaliwa wapi?"

"Nimezaliwa huku huku. Lakini Bwana Elimu anakuja kukagua, na darasa langu halitakuwa na pengo kwa sababu ya ushirikina."

Akaruka majivu kwa mguu mmoja, kama mtu anayeruka kidimbwi, akanishika mkono. Mama alikuwa amelala kwenye kirago na mtoto mmoja, mwingine amepakatwa na Bibi. Mama alianza kulia. Bibi hakupandisha sauti.

"Haya, mchukue. Ila mapacha hawapendi dada yao akokotwe. Watakufuata mpaka nyumbani kwako."

Mwalimu alicheka. Kicheko kile nilikisikia njia nzima.

Nilichapwa mbele ya shule yote, nimelala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande. Fimbo hazikuniuma kama kilichofuata. Nilipoingia darasani, mwenzangu wa dawati moja alisimama akaenda kukaa sakafuni. Wa mbele yangu akafuata. Hakuna aliyenicheka, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu niliona wazi kwamba wananiogopa. Jioni habari zilikwisha kuzagaa kila nyumba, na kesho yake wazazi hawakuleta watoto. Mwalimu alipiga kengele yake, wakaja watoto wa jumbe na watoto wa dresa, basi. Bwana Elimu alipofika na gari lake la vumbi alikuta madawati matupu.

Sasa tazameni akili ya mtu huyu. Shule aliikimbiza yeye mwenyewe, kwa kunitoa ndani ya nyumba ambayo kila mzazi alijua haikuwa imeoshwa. Lakini alipoulizwa na mzungu huyo wa elimu, alisema kuna msichana mmoja anayefundisha wenzake utoro na imani za kishenzi, naye ameshamfukuza. Jina langu likafutwa. Mama wa Laela alipokuja hatimaye akatuosha, nilirudi shuleni nimenyolewa kichwa, nanuka majani ya dawa, nimeshika ubao wangu wa kuandikia. Mwalimu alinizuia mlangoni akaniambia niende nikamsaidie mama yangu kulea.

Nikaenda kulea. Nikapanda ulezi, nikafukia majani kwenye matuta, na kila kengele ilipolia nilisimama na jembe mkononi mpaka Bibi anigutushe. Hakunibembeleza. Alisema tu, "Subiri."

Hatukusubiri sana. Mvua za kwanza zilipoanza, mke wa mwalimu alijifungua. Wakaja wawili, wa kike na wa kiume.

Watu wa kijiji walishika midomo. Mimi, siwafichi, nilicheka peke yangu shambani mpaka nikakaa chini. Na mwalimu wetu, adui wa ushirikina, unadhani alifanya nini? Alimwaga majivu. Alijifungia ndani na mkewe na wanawe, na shule ikafungwa. Watoto walifika asubuhi, wakachezacheza uwanjani, wakarudi makwao. Hakuna aliyemwita mtoro. Dresa, rafiki yake, alimwandikia cheti cha homa, na cheti hicho ndicho kilichopelekwa bomani.

Mama wa Laela aliitwa. Lakini dawa ile ilikuwa na utaratibu wake: maji hayanyunyizwi na mwenye dawa. Yanyunyizwe na dada wa mapacha wengine, msichana ambaye yeye mwenyewe amekwisha kuoshwa. Kijiji kizima msichana wa namna hiyo alikuwa mmoja, na ndiye mimi.

Tulikwenda mchana, Bibi na mama wa Laela mbele, mimi nyuma na kibuyu. Mwalimu alikuwa amekaa upande wa ndani wa majivu, miguu mitupu, bila soksi, ndevu zimemtoka. Nilikuwa sijawahi kuviona vidole vyake vya miguu.

"Mwalimu," Bibi alisema, "cheti unacho?"

"Ninacho, bibi. Cha homa."

"Pole na homa."

Ndani mtoto mmoja akaanza kulia, na mwenzake akaitikia. Mwalimu akasema wana kuku wawili na shuka jipya la kutushukuru. Bibi akatikisa kichwa.

"Kuku baki nao. Nataka jina la mjukuu wangu lirudi shuleni, afanye mtihani wake."

"Litarudi."

"Apa."

"Naapa mbele ya wanangu hawa, bibi. Jumatatu aje."

Basi nikachovya majani kwenye kibuyu, nikanyunyiza. Nilimnyunyizia mwalimu kichwani, akafumba macho kama mtoto. Nilimnyunyizia mkewe, ambaye alinishika mkono akaniita mwanangu. Niliwanyunyizia mapacha. Kwa desturi yetu tangu saa hiyo wakawa wadogo zangu, na ningewajibika kwao, na wao kwangu, mpaka tufe.

Jumatatu nikaamka kabla ya jogoo. Nikajipanga foleni uwanjani. Mwalimu alikuwa amevaa soksi zake. Alipofika kwangu alisimama.

"Orodha ya mtihani imekwisha kwenda bomani," alisema. "Na mwanafunzi aliyefutwa kwa utoro harudishwi. Sheria ni sheria."

"Mwalimu, uliapa."

"Yale yalikuwa mambo ya nyumbani. Hapa ni shule."

Nimeyabeba maneno hayo tangu nikiwa binti mdogo, na sasa nina vitukuu. Kumbe mtu anaweza kuwa na milango miwili, na kila akipita mmoja anayaacha ya mlango wa pili nje. Wazungu waliotunga ile sheria ya utoro hawakuyajua majivu yetu, na ningeweza kuwasamehe kwa ujinga wao. Yeye alijua. Alijua alipoyaruka ya kwetu, alijua alipomwaga ya kwake. Sheria ilimpa fimbo kwa ajili yangu na cheti kwa ajili yake.

Watu wakisikia kisa hiki huniuliza jambo moja tu: je, kweli mapacha walimfuata? Siku moja nilimuuliza Bibi. Alikuwa anapepeta ulezi, na hakuinua uso. Aliniambia kwamba mke wa mwalimu alikuwa akija kwake kukandwa tumbo tangu lilipoanza kuonekana, na mkono wa mkunga unahesabu vichwa. Kisha akasema kwamba kujua wako wawili ni kitu kimoja, na kujua ni nani aliyewaleta ni kitu kingine. Sikumuelewa, na wala sijui kama nimemuelewa leo. Sina ugomvi na mapacha. Kilichoniharibia maisha hakikuwa uganga.

Mapacha wale walikua. Kila asubuhi walipita kwetu wakienda shule, wamevaa sare, wameshikana mikono, wakinikuta napura ulezi. Walisimama wakaniamkia, "Shikamoo, dada." Nami niliwaitikia marahaba kila mara, maana kosa halikuwa lao.

Yule wa kike alisoma mpaka akawa mwalimu mwenyewe. Hadi leo huja kunitembelea na sukari na sabuni, anakaa jikoni kwangu. Zamani kidogo, baba yake akiwa bado hai, mzee sana, amerudi kuishi kwao Milanzi, aliniuliza tukiwa tunamenya maharage.

"Dada, kichwa kama chako, mbona uliishia darasa la nne?"

Nikamwambia, "Kamuulize baba."

Akaenda. Aliporudi safari nyingine, tukimenya maharage tena, akaniambia huku anaangalia moto.

"Nilimuuliza. Anasema hakumbuki."

Nikaendelea kumenya maharage yangu. Hakumbuki. Mimi nakumbuka hata rangi ya soksi zake.