Pampu Yangu Mpya Ina Rangi ya Kucha za Mke Wangu

Leo fundi kaniuzia pampu yangu mwenyewe.

Kabla ya kupeleka gari gereji hapa Dubai, niliipaka pampu ya maji tone la rangi ya kucha ya mke wangu. Nyekundu. Nikajiona mjanja.

Leo fundi kanikabidhi pampu iliyooza kwa kutu. "Hii ndiyo yako ya zamani, arbab, bosi wangu. Mpya nimeshafunga, khalas."

Nikachungulia. Hiyo "mpya" ina tone jekundu.

"Na hii rangi?"

"Ya kiwandani, arbab."

Ningefanyaje? Nusu ya injini bado iko sakafuni, kesho asubuhi nina mizigo ya wateja Bur Dubai, na anayejua kipi kinarudi wapi ni yeye tu.

Nikasema shukran. Nikalipa.

Ile yenye kutu ninayo hapa mezani. Kama gari lako lilikuwa gereji wiki hii, njoo uitambue.