Kuku wa Fundi Inchi

Mtaani walimwita Fundi Inchi, na kusema kweli hakuwa na pa kulalamikia. Mtu akinunua mkate akaupima kwa futi ya kamba mbele ya muuzaji, apate kujua kama umepunguzwa tangu wiki iliyopita, jina kama hilo humjia lenyewe. Futi hiyo ilikaa shingoni mwake asubuhi hadi jioni, ya manjano, namba zake za mwanzo zimefutika kwa kushikwashikwa. Chumba chake cha kushonea kilikuwa ndani ya nyumba hiyohiyo anamoishi, mkabala na sebule. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ameshona mlango ukiwa wazi, ili aweze kubishana na mkewe bila kuondoa mguu kwenye cherehani.

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea aliyestaafu. Watoto arobaini wenye makamasi walikuwa wamemzoesha kusema jambo mara moja, polepole, kwa sauti isiyoacha nafasi ya maswali. Siku hizo alikuwa wa kukaa kwenye kochi tu, mguu wa kushoto umefungwa plasta kuanzia gotini mpaka vidoleni, umelazwa juu ya mito miwili. Aliuvunja akitundika pazia. Pazia lilishonwa na mumewe na urefu wake haukuwa na kasoro hata kidogo. Kibovu kilikuwa kigoda alichopandia. Fundi Inchi alilifafanua jambo hilo kwa kila aliyekuja kutoa pole, hata kwa wale ambao hawakuuliza.

Mguu wenyewe haukuwa shida. Daktari alisema wiki sita na mguu utakuwa mguu. Shida ilikuwa tumbo. Watoto wao walikuwa wameoa na kuolewa mbali, na Fundi Inchi katika ndoa yake yote alikuwa akiingia jikoni kama mtu anavyoingia posta: anachukua kilicho chake, anatoka. Siku ya kwanza alimwandalia mgonjwa chai na mkate. Siku ya pili, mkate na chai. Siku ya tatu akapiga moyo konde akakaanga mayai, nayo yakatoka na maganda yake humohumo. Mkewe aliyala kwa adabu, akitoa ganda mojamoja mdomoni na kulipanga ukingoni mwa sahani.

Habari hizo zikamfikia dada mtu. Huyu alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni kwa miaka ishirini na saba, na wanafunzi wake walimpa cheo ambacho jeshi lisingethubutu kumpa: Jenerali. Alipiga simu jioni ileile ya mayai. Sauti yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba Fundi aliisikia kutoka kwenye cherehani.

"Mdogo wangu, kesho nakuja kukuchukua. Hizo wiki sita utakaa kwangu. Hapo umebaki na mwanaume ambaye hata maji anayaunguza."

"Anajitahidi, dada."

"Kujitahidi hakuliwi. Panga nguo zako."

"Haya, nimekusikia."

Hilo "nimekusikia" ndilo lililomwondoa Fundi Inchi kitini. Angesema hapana, sawa. Angesema ndiyo, wangegombana mpaka aghairi. Lakini huyu mwanamke akisema amesikia, maana yake anafikiria, na akishafikiria huwa anafika mahali. Fundi alikumbuka ule usiku mmoja ambao mkewe alilazwa hospitali. Alijaribu kushona, akagundua kwamba hajui kushona katika nyumba iliyonyamaza. Mshono ulikwenda upande kama mlevi anayetafuta kwao. Wiki sita za namna hiyo, nusu ya mtaa ingetembea na suruali zenye mguu mmoja mrefu.

Akanyakua simu.

"Shemeji, njoo kesho, lakini njoo ule kwanza. Nitapika mimi."

"Utapika nini, shemeji? Uzi?"

"Kuku na mboga. Ukila ukaona mgonjwa hatakufa njaa mikononi mwangu, unamwacha hapa."

"Na nikiona atakufa?"

"Utaondoka naye."

"Saa moja jioni nitakuwa hapo," alisema Jenerali. "Na nitakuja nimeshakula, kwa usalama."

Namna ya kupika alichagua mkewe. "Kikaango kimoja," alisema kesho yake, akijiweka sawa kwenye kochi. "Kuku humo, mboga humohumo. Nikikupa vyombo vitatu utaunguza vitatu. Kikiwa kimoja, ni kosa moja." Jikoni hakuweza kufika, lakini mlango ulikuwa hatua sita kutoka kwenye kochi, na kwa mwalimu wa chekechea hatua sita ni kama kukaa dawati moja.

"Umenawa mikono?"

"Nimenawa."

"Na sabuni?"

Jikoni bomba likafunguliwa tena.

Mezani palikuwa na mapaja manne ya kuku, viazi, karoti, vitunguu, pilipili hoho mbili na bakuli la njegere. "Anza na viazi na karoti," alisema mkewe. "Kata vipande vya saizi moja, vidogo vya kuingia mdomoni, ili viive pamoja."

Lile neno "saizi moja" liliingia sikioni mwa Fundi kama wimbo. "Vidogo vya kuingia mdomoni" liligonga mlango, halikufunguliwa. Alivua futi, akainyoosha juu ya kiazi, akachora mstari kwa chaki yake ya ushonaji, akakumbuka kwamba kitu hiki kinaliwa, akakiosha. Inchi moja kila kipande ingetosha. Lakini akawaza kama mtu wa kazi yake. Kitambaa kikiingia maji husinyaa, ndiyo maana fundi mwenye akili huacha akiba, nusu inchi kila upande. Na hivi vitu vyote vinakwenda kwenye maji na moto. Basi akaacha akiba. Karoti inchi mbili, viazi inchi mbili, vyote vimekaa kwenye sinia kama askari wa gwaride. Mkewe hakuambiwa. Fundi aliona hiyo ni siri ya ufundi.

"Tayari?"

"Tayari. Vimelingana kama vifungo."

"Sasa mkaushe kuku kwa kitambaa."

"Kitambaa kipi?"

"Cha jikoni, baba. Siyo cha mteja."

Alimkausha, akampaka chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu kilichopondwa na maji ya limau. Akabandika kikaango, akatia mafuta.

"Tupia kipande cha kitunguu," ilisema sebule. "Kikilalamika, mafuta yameiva."

"Kinalalamika."

"Weka kuku, ngozi iwe chini. Ukishaweka, usiguse."

Usiguse. Neno jepesi kwa msemaji. Mtu ambaye maisha yake yote hageuzi kitambaa bila kukichungulia kwa chini, utamwambia asimguse kuku? Alihesabu mpaka ishirini, akainua paja moja kwa ncha ya kisu.

"Umegusa," alisema mkewe.

"Sijagusa."

"Kuku alinyamaza, kisha akaanza kulia upya. Umemwinua."

Fundi alirudisha kisu mezani kama mtoto aliyekutwa na chaki mdomoni. "Ngozi imejikunja," alijitetea. "Kwingine imeshika rangi, kwingine nyeupe kama plasta yako."

"Mkandamize na kitu kizito, ngozi yote iguse chuma."

Mtu mwingine angetafuta jiwe, au sufuria yenye maji. Fundi Inchi alikwenda chumba cha kazi akarudi na pasi. Hii haikuwa ya umeme. Ilikuwa ile ya zamani ya chuma kitupu, kilo tatu na ushee, aliyorithi kwa mzee aliyemfundisha kazi. Aliisugua kwa sabuni, akafunika kuku kwa kifuniko kidogo cha sufuria, na juu ya kifuniko akaegesha pasi. Akarudi nyuma kutazama. Mafuta yakaanza kuchachatika kwa furaha. Harufu ikatoka, ikapita mlangoni, ikazunguka kochi, na kwa mara ya kwanza tangu pazia lile nyumba ikanukia kama watu wanaishi humo. Fundi akajikuta anaimba kwa pua.

Hapo ndipo Jenerali alipoingia. Ilikuwa saa kumi na mbili. Aliahidi saa moja, lakini wakaguzi hawana saa. Alimsalimu mdogo wake, akagusa plasta, akasema pole, akanyoosha moja kwa moja mpaka mlango wa jikoni. Akasimama.

"Shemeji," alisema polepole, "hiyo ni suruali au kuku?"

"Kuku."

"Mbona unampiga pasi?"

"Ana mikunjo."

Kwenye kochi mtu alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. "Dada, njoo ukae huku," mkewe aliita akijifuta machozi. "Ukigusa hicho kikaango, nimebaki moja kwa moja."

"Sigusi. Natazama."

Fundi aliinua pasi na kifuniko, akageuza paja la kwanza. Ngozi ilikuwa ya dhahabu kutoka ukingo hadi ukingo, imenyooka, kavu, haina hata doa jeupe. Jenerali alisogea hatua moja bila kujijua.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Kola za mashati."

Alitoa kuku, akamwaga vitunguu kwenye mafuta yaliyobaki, akageuza mpaka vikalainika, kisha akaingiza karoti na viazi vyake vya gwaride. Macho ya Jenerali yakatua kwenye viazi. Alitaka kusema neno, akalimeza, akaenda zake sebuleni. Tabasamu aliloondoka nalo halikumpendeza Fundi hata kidogo. Akatia glasi moja ya maji, akarudisha kuku juu, ngozi ikitazama dari, akafunika, akapunguza moto.

Nusu saa ile ilikuwa ndefu. Kutoka jikoni alimsikia Jenerali akifanya kampeni. Chumba kimeshafagiliwa. Dirisha linatazama bustani. "Kwangu utakula mara tatu kwa siku, na katikati." Kila alipotaja jambo, mkewe alisema "ee", na kila "ee" ilimchoma Fundi kama pini aliyoisahau kwenye nguo na kuivaa. Alitia hoho na njegere, akangoja dakika tano za mwisho, akapakua.

Jenerali, aliyekuja ameshakula kwa usalama, alianza kwa kuonja. Ngozi ya kuku ilivunjika katikati ya meno yake kwa sauti iliyosikika chumba kizima. Alitafuna, akatazama dari. Akamaliza paja. Akachukua la nne, lile ambalo halikuwa la mtu. "Nahakikisha," alisema. Karoti zilikuwa laini, mchuzi umeshika utamu wa vitunguu, njegere bado za kijani. Fundi alianza kupumua kama watu wengine.

Kisha Jenerali akachoma kiazi kwa uma. Uma haukuingia. Akakandamiza. Kiazi kikachomoka, kikaruka, kikatua juu ya plasta ya mgonjwa: ko.

"Shemeji," alisema Jenerali, "hiki kina mfupa?"

"Niliacha akiba," alisema Fundi. Ikabidi aeleze yote: kitambaa, maji, nusu inchi kila upande. "Nilijua vitasinyaa."

"Viazi."

"Vingine vimesinyaa. Karoti zimesinyaa vizuri sana."

Dada hao wawili walitazamana. Jenerali ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akaweka sahani chini, mpaka akamshika mdogo wake bega asianguke. Mdogo wake naye alicheka akiushikilia mguu kwa mikono miwili. Fundi alisimama katikati yao akisubiri hukumu, naye mwishowe akacheka kidogo, kwa tahadhari.

Jenerali alifuta macho. "Sikiliza. Nimepika kuku miaka ishirini na saba, ngozi kama hii sijawahi kuipata, na sioni aibu kusema. Lakini kiazi kibichi ni kibichi. Mimi naona tumetoka sare." Akamgeukia mdogo wake. "Mguu ni wako. Amua."

Mkewe hakuwa na haraka. Alikiokota kiazi juu ya plasta, akakigeuza, akauma pembe iliyoiva, akatafuna, akafika katikati.

"Hakijaiva," alisema.

Fundi alitazama sakafu.

"Sasa dada, mimi nikiondoka, kesho nani atamwambia?"

"Kwa hiyo unabaki kwa sababu ya kiazi?"

"Kwako nitashiba, hilo najua. Lakini tangu nianguke, leo ndiyo mara ya kwanza nimesahau kama nina mguu. Nabaki."

Fundi alitaka kusema jambo la maana, kitu ambacho mtu husema mara moja katika miaka thelathini na mmoja. Yakatoka mengine. "Kuna mchuzi bado," alisema.

"Niongeze," alisema mkewe. "Na hivyo viazi virudishe motoni, kila kimoja ukikate mara nne."

Alikusanya viazi kwenye sahani zote tatu, akavibeba mbiombio jikoni. Kisu kikasikika ubaoni, kisha maji, kisha kifuniko.

"Dakika ngapi?" aliuliza kwa sauti.

"Kumi."

"Kumi kamili, au kumi na kitu?"

"Kumi, baba. Kumi."

"Maana moto wenyewe umeupunguza wewe, mimi ningeuacha palepale."

"Moto nimeupunguzaje mimi niliye kwenye kochi?"

Jenerali alikuwa ameshasimama, mkoba begani, anataka kuaga. Aliwasikiliza wakiendelea kubishana kupitia ukutani, akashusha mkoba, akakaa tena. Hata hivyo viazi vilikuwa vinaiva, na mtu aliyelelewa vizuri haondoki dakika kumi kabla ya viazi.