Mlango wa Bi Kidawa

Mimi sina subira na watu wa kompyuta, lakini Tahiya nampenda. Anachapisha kadi za harusi hapa Mlandege, mlango wa pili kutoka duka langu la vitambaa, na harusi zikipungua hutengeneza tovuti. Huzijenga kwa vipande. Kila kipande hukiandika peke yake, na fundi mwengine akikipenda anakichukua akakitia kwenye kazi yake. Mafundi hao wa dunia nzima wana ukurasa wao wa maonyesho, na Tahiya alitaka tovuti ya mama yake iwemo.

Mama yake, Bi Kidawa wa mtaa wa Malindi, ameshona kofia za viua, zile za vitundu vya sindano, miaka arubaini. Macho yalipomkatalia sindano, wateja wakakata mguu, na nyumba iliyokuwa haipiti saa bila ya hodi ikawa kimya. Hilo ndilo lililomuuma Tahiya. Akazipiga picha kofia zote, akamweleza mama yake mtu atakavyoingia kwenye tovuti kuzitazama.

"Aingie kwangu hivi hivi, hata hodi hapigi?" Bi Kidawa akakasirika.

Basi Tahiya akatunga kipande cha hodi: mlango uliofungwa, unaugusa mara tatu, na sauti ya Bi Kidawa mwenyewe inakwambia, "Karibu!" Mlandege nzima tuliujaribu, hakuna aliyeshindwa. Akaupeleka maonyeshoni.

Siku ya tatu wenye maonyesho wakamjibu: ukurasa wako haufunguki, uondoe huo mlango, mwisho Ijumaa. Nikawaapiza wote. Tahiya akakaa chini, kwani kosa aliliona. Wale walikuwa wamegusa mara moja, wakangoja. Hapa kwetu nani anapiga hodi moja akanyamaza? Hakuna aliyefikiria kuwaandikia kuwa ni tatu.

"Utoe tu, ushajitesa vya kutosha," nikamwambia.

"Mlango wa mama, Wakil? Siutoi."

Alhamisi tukaenda Malindi. Bi Kidawa alisikiliza, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Mgeni akisimama kimya nje, mie nnamwacha? Nnamuuliza." Akaisogelea simu ya bintiye, akasema kwa ile sauti yake tamu: "Nani mwenzangu? Bisha tena, mwanangu, nnakusikia."

Tahiya akaitia sauti hiyo kwa kila anayesita, na tafsiri chini yake. Ijumaa akaipeleka, Jumatatu ikawekwa maonyeshoni. Alilia dukani kwangu akanilowanishia jora zima la poplini, na sikuweza kumgombeza kwa sababu na mimi nilikuwa nalia.

Kisha akaifanya simu ya mama yake ilie kila mtu anapobisha kwenye tovuti, popote alipo. Hana haja ya kuijibu; sauti iliyorekodiwa inatosha. Juzi nilikuwa nimekaa kwake nakunywa kahawa, simu ikalia. Bi Kidawa akaweka kikombe chini, akajitanda kanga yake vizuri, akaugeukia mlango.

"Karibu!" akaita. "Karibu ndani, mwanangu!"