Dume Lenye Pembe Moja

Tarehe 14 Machi 2024, Dk. Apolonia Kihwele, mhadhiri wa siasa na usalama wa Afrika kutoka Iringa, alisimama mbele ya kikao cha wakulima na wafugaji mjini Mbeya kusoma utafiti wake. Jina la shahidi wake mkuu, Masanja, mfugaji wa Ubaruku, hakuliandika popote. Alikuwa amemwapia hivyo, kwa kuwa Masanja alimtajia watu walioingiza bunduki kwenye mashamba ya mpunga.

Akasoma: "Mfugaji mmoja, mwenye dume jeusi lenye pembe moja, anasema..."

Silvester, mkulima wa mstari wa mbele, akaangua kicheko. "Daktari, umemficha mtu ukamwacha ng'ombe wake! Dume hilo Ubaruku nzima liko moja tu. Haya, huyo bwana kasemaje?"

Ukumbi mzima ukacheka, isipokuwa wanaume wawili walioketi nyuma. Mmoja wao alitoa simu, akatoka nje.

Apolonia alimwona. Sentensi iliyofuata, ya walioingiza bunduki, ndiyo iliyobeba utafiti wote. Akafunga kabrasha.

"Mama, wafadhili wanasubiri," mwenyekiti alimnong'oneza.

"Wanisamehe. Siendelei."

Akiwa kwenye ngazi alimpigia Masanja.

"Mzee wangu, usilale nyumbani leo. Nimekukosea. Nimelitaja dume lako."

Masanja akajibu, "Basi umenitaja mimi, mwanangu."

Utafiti huo hautachapishwa. Apolonia amekodi gari na anakwenda Ubaruku kumchukua Masanja na mkewe, wakakae kwake Iringa.